Kuishi na mkanda wa tumbo ukiwa Kigoma, kuanzia wiki ya kwanza hadi mwaka wa kumi

Mkanda wa tumbo ni pete inayofungwa juu ya mfuko wa chakula ili mtu ale kidogo na apungue uzito, na hubanwa au kulegezwa kwa maji. Sindano inayoongeza au kupunguza maji ya mkanda wangu iko mbali. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu aliyebanwa asubuhi hawezi kulegezwa jioni. Niliwekewa mkanda mwaka 2012 nikiwa kazini Uingereza, nikarudi nyumbani 2015, na tangu hapo nimeishi nao hapa Kigoma, kati ya Mwanga na Ujiji. Maelekezo niliyopewa kule yaliandikwa kwa mtu anayekaa dakika ishirini kutoka kliniki. Haya nimeyaandika kwa ajili ya sisi wengine.

Jambo kubwa naliweka mbele, ili hata atakayesoma aya moja aondoke nalo: ukikaa mbali na sindano, mkanda uliolegea kidogo ni salama kuliko uliobana. Na usizoee kukwamwa na chakula wala kutapika. Wengi wetu tuliambiana kuwa kutapika ni gharama ya kukonda. Hapana, ni dalili ya kukimbilia hospitali.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa wa muda mrefu aliyeuliza maswali mengi.

Mkanda wenyewe

Ni pete laini ya silikoni. Daktari huifunga sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, karibu na pale umio unapoingilia, kwa upasuaji wa matundu madogo na kamera. Juu ya pete hubaki kijifuko kinachobeba chakula cha vijiko viwili hivi vya mezani. Chini yake tumbo liko vilevile, halijakatwa. Upande wa ndani wa pete kuna mpira unaojazwa maji ya chumvi kama yale ya dripu. Yakiongezwa, njia inakuwa nyembamba, yakinyonywa, inapanuka. Mrija mwembamba unatoka kwenye pete hadi kwenye kidude kilichoshonwa chini ya ngozi ya tumbo, wengi tunakiita poti, na hapo ndipo sindano inapochoma.

Nilifurahi kujua kwamba daktari wa kwanza kumfunga binadamu mkanda huu kwa njia ya matundu madogo, mwaka 1993 kule Ubelgiji, ni mzaliwa wa Ethiopia, Mitiku Belachew. Marekani waliuruhusu mwaka 2001. Ukavuma sana, kisha ukapungua, kwa sababu wengi walihitaji kurudi upasuaji miaka ya baadaye, na madaktari wengi sasa hupendelea kukata sehemu ya tumbo. Kwa hiyo ukiwa nao leo, huenda daktari kijana utakayekutana naye hajawahi kuushika kwa mkono wake. Usimlaumu. Mwelekeze.

Usiuchanganye na puto, lile linalowekwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Puto linakaa ndani ya tumbo kwa miezi kadhaa kisha linatolewa. Mkanda uko nje ya tumbo, umelikumbatia, na unaweza kukaa miaka.

Kabla hujarudi nyumbani

Usitoke hospitali ulikowekewa bila karatasi hizi: aina ya mkanda na ukubwa wake, tarehe ya upasuaji, kiasi cha maji unachobeba ukijaa (mikanda mingi hubeba kati ya mililita 4 na 14), na kiasi kilichomo sasa. Zipige picha, mtumie na ndugu mmoja unayemwamini. Kila unapojazwa au kunyonywa, andika tarehe na mililita kwenye daftari. Daktari akijua kwamba ndani mna mililita 6, anajua anatafuta nini. Asipojua, anapapasa gizani.

Omba pia sindano mbili tatu za poti. Zina ncha ya pekee isiyotoboa mpira ukabaki na tundu, zinaitwa sindano za Huber. Kwenye mikoa yetu hazipatikani kila duka la dawa. Kwa dharura daktari anaweza kutumia sindano nyembamba ya kawaida ili kutoa maji, kwa sababu poti iliyoharibika inabadilishwa lakini mtu habadilishwi. Kwa mambo ya kawaida, tumia ya Huber.

Kisha, na hili watu hulipuuza, nenda kajitambulishe ukiwa mzima. Kama uko Kigoma, nenda hospitali ya Maweni. Kama uko Tabora, nenda Kitete, au Nkinga ukiwa upande wa Igunga. Mwone daktari wa upasuaji, mwoneshe karatasi, mruhusu aishike poti kwa vidole aijue ilipo. Siku ya dharura hutakuwa na nguvu ya kuanza kueleza mkanda ni nini.

Wiki sita za kwanza

Siku mbili tatu za mwanzo bega litauma kuliko tumbo. Ni gesi iliyotumika wakati wa upasuaji, inagusa kiwambo cha chini ya mapafu na maumivu yanapanda begani. Tembea polepole ndani ya nyumba, itaisha.

Wiki mbili za kwanza ni vya kunywa tu: maziwa, supu ya samaki iliyochujwa, uji mwembamba. Wiki mbili zinazofuata ni vya kupondwa: maharage yaliyosagwa, viazi vilivyopondwa na maziwa, mtindi. Halafu vilaini, kama samaki mgebuka aliyechemshwa akaondolewa miiba, yai, ndizi za mchemsho zilizoiva vizuri. Usiruke hatua hata kama chakula kinapita bila shida. Kovu la ndani linajijenga kuuzunguka mkanda, na kutapika wakati huo kunaweza kuusogeza.

Karibu na wiki ya tatu njaa inarudi kwa nguvu zote. Nililia siku hiyo, nikidhani nimetupa fedha bure. Kumbe mkanda ulikuwa hauna maji bado, au una kidogo sana, na ndivyo inavyotakiwa mpaka kidonda kipone. Jifungie kwenye protini na uvumilie.

Kujazwa maji

Mara ya kwanza huwa wiki ya nne hadi ya sita. Unalala chali, unainua kichwa kidogo ili misuli ikaze, daktari anaitafuta poti na kuchoma. Haiumi kuliko kuchomwa sindano ya kawaida. Baadaye unakalishwa na kupewa maji unywe. Yakishuka vizuri, unaruhusiwa.

Hapa ndipo sisi wa mbali tunapokosea. Mtu anajazwa asubuhi, jioni yuko kwenye treni. Lakini mkanda unaweza kubana zaidi siku ya pili au ya tatu, kwa sababu ya uvimbe mdogo. Ukifika Uvinza huwezi kumeza mate, nani atakusaidia? Kaa karibu na hospitali siku nne au tano baada ya kila kujazwa. Siku mbili za kwanza kunywa tu, ya tatu vilaini, ya nne na ya tano jaribu chakula chenyewe. Ukiweza kula samaki na ugali kidogo bila shida, ndipo ukate tiketi. Na mwambie daktari wazi: “Nakaa Kigoma, naomba uniwekee kiasi kidogo kuliko unachomwekea wa hapa.” Mwenye busara atakuelewa.

Mkanda uliokaa sawa unaujua hivi: unakula kikombe kimoja kidogo cha chakula kigumu, unatulia saa tatu au nne bila kuwaza jikoni, na uzito unashuka nusu kilo hadi kilo kwa wiki. Uliolegea mno, unakula sahani nzima na saa moja baadaye unatafuta karanga. Uliobana mno, samaki anakataa lakini soda inapita, unakohoa usiku, na unaanza kukwepa chakula kizuri na kukimbilia vya kunywa. Huyu wa tatu ndiye anayenenepa huku anatapika, na watu hawamwelewi.

Namna ya kula

Chukua kisahani cha kikombe cha chai. Anza na protini, fuata mboga, malizia na wanga kama pamebaki nafasi. Tonge liwe kama punje ya harage. Tafuna mara ishirini mpaka liwe rojo, meza, kisha hesabu nusu dakika kabla ya tonge jingine. Dakika ishirini hadi thelathini, basi. Hata kama sahani haijaisha, inua mkono. Kula kwa mkono kunatusaidia, kwani vidole vinapima tonge na kuhisi mwiba kuliko uma.

Usinywe wakati wa kula. Kunywa mpaka nusu saa kabla, na subiri angalau nusu saa hadi saa nzima baadaye. Maji yanakisukuma chakula kipite haraka, shibe haikai. Na pakiwa pamebana, yanajaa juu na kurudi. Soda na vinywaji vyote vya gesi, acha.

Sasa vyakula vyetu, maana hapa maelekezo ya Ulaya yaliniacha mkono.

Ugali wa muhogo ndio uliokwamisha wengi. Unavutika, haukatiki kwa meno, ukifika kwenye pete unajikusanya kama gundi. Mimi nimeuacha kabisa. Ugali wa mahindi mgumu kiasi, tonge dogo, unapita. Jihadhari na mlenda: unautelezesha ugali kooni bila kutafunwa, na dakika moja baadaye kifua kinakuambia. Kisamvu kimekwisha kutwangwa, hakina neno. Mchicha, toa mashina yenye nyuzi.

Dagaa wa Kigoma ni zawadi. Wakavu wakioshwa na kupikwa hadi kulainika, wana protini nyingi kwa vijiko vichache. Waliokaangwa wakakauka, wasage au watafune hadi wawe unga. Mgebuka mbichi wa Kibirizi, wa kuchemsha, ndiye rafiki wa mkanda kuliko nyama yoyote. Mishkaki na nyama ya kuchoma vina nyuzi. Kama lazima, ichemshwe kwanza hadi iachane. Maharage ya Kasulu yapondwe kidogo kwa mwiko ili maganda yapasuke.

Chapati, maandazi na mkate laini hugeuka donge. Wali uliokauka wakati mwingine unafura. Muhogo, toa ule mzizi wa katikati. Maembe ya Tabora yana nyuzi, menya na ukate vipande vidogo. Nanasi lilinikwamisha mara mbili, sirudii.

Halafu kuna vile vinavyopita bila kubisha hodi: uji wenye sukari nyingi, asali, juisi, aiskrimu, pombe, na mawese yakizidi kwenye mboga. Mkanda hauvizuii hata kidogo. Asali ya Tabora ni tamu na ni halali yako, lakini vijiko vinne kwenye chai mara tatu kwa siku vinatosha kukurudisha ulikotoka. Mwaka wangu wa tatu uzito ulisimama miezi saba, nikamwambia kila mtu kwamba mkanda umeharibika. Ulikuwa mzima.

Ukikwama

Dalili huanza na kubanwa chini ya kifua, pua kuchuruzika au kwikwi, kisha mate mazito yenye ute yanajaa mdomoni. Wengi wetu pua ndiyo inayotangulia kusema. Ukiihisi, acha hapohapo, hata tonge lililo mkononi lirudishe.

Simama, tembea taratibu, legeza mabega. Tema mate, usiyameze. Usinywe maji kusukuma. Na hapa nawasihi akina mama na mashangazi: kwetu mtu akikwamwa na mwiba hupewa tonge la ugali alimeze zima lisukume. Mwenye mkanda asipewe. Litakaa juu ya lile la kwanza.

Kwa kawaida kinashuka au kinarudi chenyewe ndani ya saa moja. Baada ya hapo, kunywa tu kwa saa 24, kwa sababu pameumia na pamevimba. Kama saa zinapita na mate yenyewe hayashuki, nenda hospitali siku hiyohiyo, usilale. Nenda pia haraka ukiwa na maumivu makali yasiyokoma tumboni, kutapika damu, choo cheusi, moyo kwenda mbio, au homa pamoja na wekundu juu ya poti. Waambie kwanza watoe maji yote ya mkanda. Hilo linaweza kufanywa hata kabla ya picha ya eksirei. Picha ya kumeza dawa nyeupe itaonesha baadaye kama mkanda umeteleza.

Kama umetapika siku kadhaa, mkumbushe daktari kuhusu vitamini B1 kabla hajakutundikia dripu ya glukosi. Mwili ukiishiwa B1 kisha ukapewa sukari, mishipa ya fahamu na ubongo vinaweza kudhurika.

Malaria, dawa na ujauzito

Malaria kwetu ni jambo la kawaida na kutapika kwake ndiko kunakouhatarisha mkanda. Ukihisi homa, pima siku ya kwanza, omba dawa ya kuzuia kutapika mapema, na kama kutapika hakukomi, mkanda unyonywe. Vidonge vya mseto vinaweza kusagwa na maji kidogo kwa asiyeweza kumeza. Vidonge vikubwa vingine vikate, isipokuwa vile vya kutoa dawa polepole. Hivyo uliza mfamasia kwanza.

Diklofenaki, aibuprofeni na aspirini zinauudhi ukuta wa tumbo pale pete inapogusa. Tumia parasetamoli, na kama aspirini uliandikiwa kwa moyo, zungumza na daktari kabla ya kuiacha. Mwenye dawa za kisukari au presha apimwe mara kwa mara, kwa sababu uzito ukishuka dozi ya zamani inaweza kuzidi na sukari ikaporomoka.

Kwa dada zangu: uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka. Tumia uzazi wa mpango ili usishike mimba mwaka hadi mwaka na nusu wa mwanzo. Ukipata mimba, mwambie mkunga, na kichefuchefu kikizidi maji yatolewe.

Mfungo

Ujiji na Tabora mjini, Ramadhani ndiyo mtihani. Usifunge miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, wala siku za kujazwa. Baadaye, daktari akikubali, panga usiku wako: adhana ikilia, maji ya uvuguvugu kwa mikupuo midogo, maana baada ya saa nyingi njia huwa imebana. Tende moja, itafunwe sana, inanata. Nusu saa baadaye uji mwepesi. Chakula chenyewe baada ya tarawehe, na daku iwe ya yai, samaki au mtindi. Katikati yake ndipo unywe lita moja na nusu ya maji, kidogo kidogo. Ukikwama mchana wa mfungo, wewe ni mgonjwa. Mwulize shehe wako habari ya kulipa siku.

Kula mbele za watu

Sinia la Ujiji lina mikono sita na halimsubiri mtu. Nilipojaribu kwenda nao sawa, nilikwama msibani mbele ya wakwe. Siku hizi naomba kisahani changu mapema, jikoni, kwa sauti ya chini: “Wifi, nipunguzie, tumbo langu lilifanyiwa upasuaji.” Neno upasuaji linaheshimika. Hakuna anayelazimisha tena.

Maneno ya watu ni magumu zaidi. Kwetu aliyekonda anaonekana ana ugonjwa anaouficha. Nilisikia mengi sokoni Mwanga. Mama yangu ndiye aliyenishauri niwaambie watano tu, wale ambao nikianguka barabarani watajua pa kunipeleka na cha kusema. Wengine waseme.

Miaka inavyokwenda

Mwaka wa kwanza unausikia mkanda kila siku. Asubuhi umebana, jioni umelegea. Siku za hedhi au za huzuni unabana zaidi, na siku hizo anza na chai ya uvuguvugu. Mwaka wa pili unausahau, mkono umezoea tonge dogo. Wengi wanaofanikiwa huwa wamepoteza karibu nusu ya uzito uliozidi kufikia hapo. Poti nayo inaanza kuonekana chini ya ngozi, kama kifungo; usiogope ukiigusa kitandani. Ngozi inalegea, na hakuna mafuta ya kupaka yanayoirudisha.

Kuanzia mwaka wa nne hivi, angalia mambo mengine. Ukianza kula kuliko zamani bila kunyonywa maji, huenda mrija unavuja. Kama shibe imepotea na poti imepata usaha, mkanda unaweza kuwa umetoboa tumbo kuingia ndani. Kiungulia cha usiku na kikohozi cha kulala ni ishara kwamba kijifuko kimetanuka, mkanda umeteleza au umebana mno. Pima damu kila mwaka: wingi wa damu, madini ya chuma, B12. Vidonge vya vitamini mchanganyiko usiviache.

Mwaka wa tisa nilianza kukohoa usiku. Nikapewa dawa za kifua mara tatu, nami sikutaja mkanda, kwa kuwa nilikuwa mwembamba na niliogopa wataulegeza. Nililala nimeegemea mito minne kwa miezi mitano. Nilipofika Dar es Salaam hatimaye, picha ilionesha umio umetanuka juu ya pete. Walitoa maji yote, kikohozi kikakoma usiku wa pili. Baada ya miezi mitatu umio ulikuwa umerudi ukubwa wake, wakaniwekea mililita 3, na tumekubaliana kwamba kikohozi kikirudi tena mkanda unatolewa. Nimeongezeka kilo sita. Nakula kipande cha mgebuka na ndizi mbili, ninanyoosha mgongo kitandani, nalala.